Jina Moja, Wenyewe Watatu: Chapa za Sigara na Waliozigawana

Pakiti ya Embassy inayouzwa Nairobi imetengenezwa na BAT Kenya, kampuni ambayo asilimia 60 ya hisa zake ziko mikononi mwa British American Tobacco ya London. Ukivuka mpaka Namanga na kuingia Arusha, Embassy utakayoiona dukani imetoka Dar es Salaam, kwenye kiwanda cha Kampuni ya Sigara Tanzania (TCC), ambayo robo tatu ya hisa zake ni za Japan Tobacco International. Na Uingereza, jina hilo lilikozaliwa mwaka 1914, Embassy ni mali ya Imperial ya mjini Bristol. Jina ni moja, wenyewe ni watatu, na hao watatu wanawindana sokoni dunia nzima.

Mambo kama haya huachiwa wakusanyaji wa pakiti za zamani, wayajadili kama udadisi. Nadhani hilo ni kosa. Anayetaka kuielewa biashara ya tumbaku aanzie hapa, kwenye swali la nani mwenye jina. Tangu miaka ya 1880 kampuni za sigara zimekuwa zikiuza majina. Majani hubadilika, viwanda hufungwa, wenye mali hufa au hufukuzwa, lakini jina hubaki, hurithiwa, huuzwa, hukatwa vipande kama kiwanja cha mirathi. Hata vita kati ya serikali na kampuni hizi, zikiwemo za Afrika Mashariki, kwa sehemu kubwa vimepiganwa juu ya jina hilo na nafasi linayopewa kwenye pakiti.

Kabla ya mashine, sigara ilisokotwa kwa mkono, na sifa yake ilikuwa sifa ya mji au ya fundi. Katika robo ya mwisho ya karne ya 19, sigara zilizotamaniwa na matajiri wa Ulaya na Marekani zilikuwa za Cairo. Waliozitengeneza walikuwa zaidi Wagiriki na Waarmenia. Nestor Gianaclis alikuwa na kiwanda Cairo tangu mwaka 1871, na wengine walimfuata baada ya dola ya Uturuki kuweka ukiritimba wa tumbaku katika miaka ya 1880. Tumbaku yao ilitoka nchi za dola hiyo, na mwaka 1890 Misri ilipiga marufuku hata kulima tumbaku ndani ya mipaka yake. Kwa hiyo sigara ya Kimisri haikuwa na jani la Misri. Umisri wake ulikuwa kwenye kopo: piramidi, sanamu ya Sphinx, mitende na wanawake wa kifarauni. Picha hizo ziliigwa upesi. Mjini Dresden, Ujerumani, kiwanda cha Yenidze kilikamilika mwaka 1909 kikiwa na umbo la msikiti, na bomba lake la moshi likifanana na mnara wa adhana. Miaka minne baadaye, kampuni ya R. J. Reynolds ya North Carolina ilitoa Camel, ngamia akiwa mbele ya piramidi, kwa sigara iliyochanganya jani la Kituruki na la Marekani. Mafundi wa Cairo wamesahauliwa na karibu kila mtu, lakini picha yao ingali inauzwa.

Kilichowamaliza mafundi wa mkono ni mashine ya James Bonsack, kijana wa Virginia aliyepewa hataza mwaka 1881, akiwa na miaka 21. Msokotaji hodari alitoa sigara kama 4 kwa dakika. Mashine ya Bonsack ilitoa zaidi ya 200. Watengenezaji wakubwa wa wakati huo waliikwepa kwa kuhofia kwamba mteja angeikataa sigara ya mashine. James Buchanan Duke wa Durham, North Carolina, hakuogopa. Aliikodi kwa masharti nafuu kuliko wenzake, kisha akajikuta na tatizo jipya: sigara nyingi kupita kiasi cha wavutaji, na zote zinafanana. Zinapotoka kwenye mashine za aina moja, zikiwa na jani la aina moja, mteja achague hii aiache ile kwa sababu gani? Jibu la Duke lilikuwa jina, na pesa za kulitangaza. Mwaka 1889 pekee alitumia dola 800,000 kwa matangazo na kadi za picha zilizotiwa ndani ya pakiti. Mwaka uliofuata washindani wake wanne, waliokwisha kuchoka kutangaza kwa kasi hiyo, waliungana naye kuunda American Tobacco Company.

Uingereza, haki ya kutumia mashine hiyo ilichukuliwa mwaka 1883 na familia ya Wills ya Bristol. Mwaka 1888 walitoa Woodbine, sigara tano kwa peni moja, na sigara ikafika mfukoni mwa kibarua.

Halafu Duke alivuka bahari. Mwaka 1901 alinunua kampuni ya Ogden's ya Liverpool na kuanza kushusha bei nyumbani kwa Waingereza. Kampuni 13 za huko, Wills wakiwa mbele, zilijibu kwa kuungana na kuwa Imperial Tobacco. Waligombana kwa muda mfupi tu. Septemba 1902 walikaa mezani na kuigawa dunia: Imperial wabaki na Uingereza, American wabaki na Marekani na Cuba, na kwingine kote waachiwe kampuni mpya ya pamoja, British-American Tobacco, theluthi mbili ya Wamarekani na theluthi moja ya Waingereza. Mkutano wa Berlin wa kuigawa Afrika ulikuwa na miaka kumi na minane tu wakati huo, na hawa wafanyabiashara walifanya jambo la namna ile ile, ila wao waligawana wavutaji. Majina yaligawanywa pamoja na ramani. Jina la Wills au la Player's likawa la Imperial ndani ya Uingereza, na la BAT nje yake. Mwaka 1911 Mahakama Kuu ya Marekani iliivunja American Tobacco kwa kosa la ukiritimba na hisa zake katika BAT zikauzwa, lakini mgawanyo wa majina haukuguswa. Ndiyo maana hadi leo jina linaweza kuwa la kampuni moja Bristol na la nyingine Nairobi.

BAT ilikuwa Mombasa tangu mwaka 1907. Mwaka 1928 ilifungua kiwanda Jinja, Uganda, na kwa miaka mingi Kenya, Uganda na Tanganyika zilikuwa kwake soko moja. Kiwanda cha Dar es Salaam kilikuja mwaka 1961, mwaka wa uhuru. Kisha likaja Azimio la Arusha. Februari 1967 serikali ya Mwalimu Nyerere ilitangaza orodha ya kampuni ambazo umma ungechukua hisa nyingi ndani yake, na kampuni ya sigara ya BAT ilikuwamo pamoja na viwanda vya bia, viatu na saruji. Mwaka 1975 ikawa Kampuni ya Sigara Tanzania.

Tunapozungumzia utaifishaji tunafikiria majengo na mitambo. Katika sigara, hivyo vilikuwa sehemu ndogo ya thamani. Cha maana zaidi kilikuwa haki ya kuuza majina ambayo wavutaji wa Tanganyika walikuwa wamekwisha kuyazoea. Majina ya enzi za BAT yalibaki Dar es Salaam, wakati ndugu zake walibaki Nairobi kwa mwenyewe wa zamani. Mpaka wa Namanga ukawa pia mpaka wa chapa. Mwaka 1995, wakati wa ubinafsishaji, R. J. Reynolds ilinunua asilimia 51 ya TCC, na mwaka 1999 Japan Tobacco ilinunua biashara yote ya Reynolds iliyokuwa nje ya Marekani. Katika muda wa miaka 32 kampuni hiyo ilipita mikononi mwa Waingereza, Serikali, Wamarekani na Wajapani. Mvutaji hakutakiwa kujua lolote kati ya hayo, kwa kuwa aliendelea kutaja jina lile lile dirishani pa duka. Alama za mgawanyiko huo zinaonekana kwa anayetazama vizuri: Kenya wanauza Sportsman, Tanzania wanauza Portsman.

Kenya yenyewe ilipata mtengenezaji wake wa ndani katika miaka ya 1980, pale Wilfred Murungi, aliyekuwa mfanyakazi wa BAT, alipoanzisha Mastermind Tobacco na kuleta Supermatch. Ilikuwa nadra Afrika Mashariki kwa mtu kuthubutu kujenga jina jipya badala ya kurithi la mkoloni. Kusini mwa bara, Anton Rupert wa Afrika Kusini alikuwa ametangulia na kwenda mbali zaidi. Aliinunua Rothmans ya London mwaka 1954, mwaka huo huo akatoa Peter Stuyvesant, na himaya yake ilisimama pekee mpaka ilipomezwa na BAT mwaka 1999.

Hakuna mahali ambapo swali la mwenye jina limegombewa kwa ukali kama kwenye sigara kubwa za Cuba, zile za kusokota jani zima. Majina makuu ya Havana yalikuwa ya familia: H. Upmann tangu 1844, Partagás tangu 1845, na Montecristo iliyoanzishwa mwaka 1935 na familia za Menéndez na García. Inasemekana jina hilo la mwisho lilitokana na riwaya ya Alexandre Dumas iliyopendwa viwandani. Wasokotaji wa Cuba, tangu miaka ya 1860, walikuwa na msomaji aliyekaa juu ya jukwaa akiwasomea magazeti na riwaya wakati mikono yao ikifanya kazi, na mshahara wake waliuchangia wenyewe. Nimesoma mambo mengi ya kuchukiza katika historia ya tumbaku, na hili la wafanyakazi kujilipia msomaji linabaki kuwa moja ya machache yanayonifurahisha.

Septemba 1960 serikali ya Fidel Castro ilitaifisha viwanda hivyo. Wenyewe waliondoka nchini wakiwa hawana mashamba, ghala wala mashine, ila na madai ya jina. Mahakama za Marekani zilipoulizwa, zilitoa jibu lililozaa dunia mbili: Cuba ina uwezo wa kuchukua kilichokuwa ndani ya Cuba, lakini jina lililosajiliwa Marekani halikuwa ndani ya Cuba, kwa hiyo ni la familia. Februari 1962 Rais Kennedy aliweka vikwazo vya biashara. Katibu wake wa habari, Pierre Salinger, alisimulia mwenyewe baadaye kwamba usiku mmoja kabla ya hapo alitumwa kumtafutia rais sigara za H. Upmann, na alirudi na 1,200. Asubuhi iliyofuata, kwa maelezo yake, rais alitia saini.

Kuanzia hapo kila jina kubwa lilikuwa na pacha wake. Familia ya Menéndez ilihamia visiwa vya Canary na kuanza upya na sigara waliyoiita Montecruz, pakiti yake ikifanana sana na ile waliyoiacha. Ramón Cifuentes, ambaye familia yake ilimiliki Partagás, hatimaye aliuza haki zake kwa General Cigar ya Marekani, na Partagás ya Kimarekani ikasokotwa Jamhuri ya Dominika. Cohiba ina kisa cha peke yake, maana haikuwa ya familia yoyote. Ilizaliwa baada ya mapinduzi, mwaka 1966, kwa ajili ya Castro na wageni wake, na iliingia sokoni mwaka 1982. General Cigar walikuwa wamekwisha kulisajili jina hilo Marekani mwaka 1981. Kesi ilifunguliwa mwaka 1997. Mwaka 2005 mahakama ya rufaa iliwapa ushindi General Cigar, na mwaka 2022 baraza la chapa za biashara la Marekani likaamua usajili wao ufutwe. Robo karne ya mawakili kwa herufi sita.

Lililonishangaza zaidi ni lile la Imperial. Mwaka 2008 kampuni hiyo, mrithi wa ile ya 1901, ilinunua Altadis ya Hispania na Ufaransa. Altadis ilikuwa na nusu ya Habanos, shirika linaloiuzia dunia sigara za serikali ya Cuba, na wakati huo huo ilikuwa na Montecristo, H. Upmann na Romeo y Julieta za soko la Marekani. Kwa miaka 12, hadi ilipouza pande zote mbili mwaka 2020, kampuni moja ilipata faida kutoka kwa mapinduzi na kutoka kwa waliokimbia mapinduzi. Ugomvi uliogawanya familia na mataifa, kwake ulikuwa mistari miwili katika daftari moja.

Marlboro nayo, sigara inayouzwa kuliko zote duniani, haina mwenyewe mmoja. Philip Morris alikuwa muuza tumbaku wa Bond Street, London, na alifariki mwaka 1873, kwa hiyo hakuijua kabisa sigara iliyokuja kulitajirisha jina lake. Marlboro ilitolewa Marekani mwaka 1924 kama sigara laini ya wanawake, na haikuuzika sana. Kilichoibadilisha ni hofu. Mwaka 1950 Richard Doll na Austin Bradford Hill wa Uingereza, na Wynder na Graham wa Marekani, walichapisha ushahidi kwamba uvutaji unahusiana na saratani ya mapafu. Wavutaji walianza kutafuta sigara yenye kichujio, ambayo wanaume wengi waliiona ya kike. Katika 1954 na 1955 wakala wa matangazo Leo Burnett wa Chicago aliivika Marlboro kofia ya mchunga ng'ombe. Yule mwanamume wa farasini, ambaye vijana wetu wa miaka ya 1980 walimbandika ukutani wakidhani ni picha ya uhuru tu, alibuniwa kuwatuliza watu waliokuwa wameanza kuogopa kifo, na waliokuwa na sababu ya kuogopa. Baadhi ya waigizaji wake walikufa kwa magonjwa ya mapafu. Leo Marlboro ni ya Altria ndani ya Marekani, ya Philip Morris International karibu kote kwingine, na nchini Kanada ni ya kampuni ya kundi la BAT, kwa sababu haki za huko ziliuzwa kabla ya Vita Kuu ya Pili, wakati hakuna aliyeona kwamba jina lile lina thamani. Philip Morris walijaribu kuuza Kanada pakiti yenye umbo lile lile jekundu bila jina lolote. Mwaka 2012 mahakama ya rufaa ya shirikisho iliwakatalia: pakiti isiyo na jina nayo ilikuwa inaliita jina.

Majina mengine yamekatwa kwa aina ya bidhaa badala ya nchi. Dunhill ya sigara ni ya BAT na Dunhill ya suti ni ya Richemont. Sigara kubwa za Davidoff ni za kampuni ya Basel, sigara ndogo ni za Imperial, na manukato yana mwenyewe mwingine.

Katika mnyororo huu wote kuna mtu mmoja asiye na jina, naye ni mkulima. Urambo, mkoani Tabora, ilijengwa na mradi wa karanga wa Waingereza ulioanza mwishoni mwa miaka ya 1940 na kushindwa, na tumbaku ikachukua nafasi ya karanga. Familia ya huko hupanda, hupalilia, huchuma jani kwa jani, hulikausha kwenye bani, yaani banda la kukaushia, kwa kuni za miombo, kisha husubiri mteuzi wa madaraja atamke bei kwa neno moja. Jani likishatoka hapo huchanganywa na la Brazil, la Zimbabwe, la Malawi. Sigara hutengenezwa kwa mchanganyiko makusudi, ladha isimtegemee mkulima wa nchi yoyote, na hivyo hakuna mkulima anayeweza kudai kwamba chapa fulani bila yeye haipo. Kahawa ya Kilimanjaro inaweza kuuzwa kwa jina la mlima wake. Tumbaku ya Urambo haijawahi kupewa nafasi hiyo, na kwa jinsi biashara hii ilivyopangwa haitapewa.

Kwa kuwa thamani iko kwenye jina, serikali zilizotaka kupunguza uvutaji zimejifunza kuligusa jina. Mwanzoni zilikataza matangazo. Marekani iliyaondoa kwenye televisheni mwaka 1971. Kampuni zilihamishia ujumbe ndani ya jina: zikaja sigara zilizoitwa laini au nyepesi, zilizomfanya mtu adhani amepunguza hatari. Maneno hayo yalipokatazwa, rangi zilichukua kazi yao, na Marlboro Lights ya Marekani ikageuka Marlboro Gold. Uruguay, chini ya Rais Tabaré Vázquez aliyekuwa daktari wa saratani, iliamua kila chapa iwe na sura moja tu. Philip Morris iliishtaki nchi hiyo ndogo mwaka 2010 kwa madai kwamba imenyang'anywa mali, na mali yenyewe ni majina. Julai 2016 Uruguay ilishinda.

Australia ilikwenda mbali zaidi. Tangu Desemba 2012 pakiti zote huko ni za rangi moja ya kukirihisha, na jina limeandikwa kwa herufi za kawaida. Miongoni mwa nchi zilizolalamika kwenye Shirika la Biashara Duniani ilikuwemo Cuba, iliyosimama kuzitetea chapa zake kama mali isiyopaswa kuguswa na dola, miaka hamsini na zaidi baada ya dola yake kuzichukua. Walalamikaji walishindwa, na rufaa ilikwisha mwaka 2020. Barani Afrika, Mauritius ilikuwa ya kwanza kuleta pakiti za namna hiyo, mwaka 2023.

Kenya ilipitisha sheria yake ya udhibiti wa tumbaku mwaka 2007. Kanuni za mwaka 2014 zilipotaka picha za magonjwa kwenye pakiti na mchango wa asilimia 2 kutoka kwa watengenezaji, BAT Kenya ilikwenda mahakamani, ikashindwa ngazi baada ya ngazi hadi Mahakama ya Juu, Novemba 2019. Katika mijadala hiyo mara nyingi tulisikia juu ya ajira na mapato ya kodi. Sehemu ya pakiti inayochukuliwa na picha za magonjwa ni nafasi iliyokuwa ya jina tangu enzi za Duke, na sioni sababu nyingine iliyotosha kuifanya kampuni ipigane miaka yote hiyo. Shirika la Afya Duniani linahesabu zaidi ya watu milioni 7 wanaouawa na tumbaku kila mwaka. Mbele ya idadi hiyo, kuipunguza nafasi ya jina ni hatua ya wastani mno.

Na majina mapya yanaundwa sasa hivi. Mwaka 2019 BAT ilileta Kenya vifuko vidogo vya nikotini vya kuweka chini ya mdomo, visivyo na moshi wala jani la kuonekana, kwa jina la Lyft. Usajili wake ulipotiliwa shaka na serikali, bidhaa iliondoka sokoni. Mwaka 2022 ilirudi madukani, vifuko vile vile, kwa jina la Velo.